Jinsi Tegu wa Nguruwe Anavyowafikia Hata Wasiokula Nguruwe

Mtu anaweza kuishi miaka yake yote bila kuonja nyama ya nguruwe na bado akapata kifafa kutokana na mnyoo ambaye wengi humwita mnyoo wa nguruwe. Jambo hili huwashangaza hata wafugaji wenye uzoefu, kwa sababu onyo linalosikika kila mara ni moja tu: ivisha nyama. Onyo hilo ni la kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili inahusu choo, mikono na sahani ya kachumbari, na ndiyo inayoeleza kwa nini mtu mmoja hula nyama na jirani yake ndiye anayeanguka.

Mnyoo huyo ni tegu. Ni mnyoo bapa, mweupe, mrefu kama utepe, na mwili wake umeundwa kwa pingili nyingi zilizoungana. Wataalamu humwita Taenia solium. Katika Kaunti ya Busia na kaunti nyingine za magharibi mwa Kenya, ambako nguruwe mmoja au wawili nyumbani ni akiba ya karo na matibabu, watafiti wamempata tegu huyu mara kwa mara kwa watu na kwa mifugo. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliweka ugonjwa huu kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Kwa makadirio ya shirika hilo, katika maeneo mengi ambako tegu huyu amekita mizizi, karibu visa 30 kati ya kila 100 vya kifafa vinatokana naye.

Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kifafa kinachoonekana katika vijiji vyenye tegu ni ugonjwa unaoweza kuzuiwa.

Kutoka kwenye nyama hadi tumboni

Nyama ya nguruwe aliyeambukizwa huwa na vifuko vidogo vya maji, vyeupe, vyenye ukubwa kati ya punje ya mchele na punje ya mbaazi. Ndani ya kila kifuko kuna kichwa cha tegu mchanga kinachosubiri. Mtu akila nyama hiyo ikiwa haijaiva, kifuko humeng'enywa tumboni, kichwa hujitokeza na kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba kwa vifyonzi na ndoana ndogo sana. Baada ya miezi miwili hivi, tegu amekomaa. Urefu wake huwa kati ya mita 2 na 7. Hana mdomo wala tumbo. Hufyonza chakula kilichokwisha kusagwa kupitia ngozi yake, na anaweza kukaa humo kwa miaka.

Kwamba vifuko vya kwenye nyama na mnyoo wa tumboni ni kiumbe kimoja kulithibitishwa mwaka 1855, kwa njia ambayo leo isingeruhusiwa popote. Daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo chakula chenye vifuko vya nyama ya nguruwe bila mfungwa huyo kujua. Baada ya hukumu hiyo kutekelezwa, maiti ilipopasuliwa, mategu wachanga walikutwa ndani ya utumbo.

Walio wengi hawahisi lolote. Baadhi hupata maumivu madogo ya tumbo, kichefuchefu, kuhara au kufunga choo, na hamu ya kula inayopanda na kushuka. Ishara iliyo wazi zaidi ni vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi. Hizo ni pingili za mwisho za tegu, ambazo hukatika zikiwa zimejaa mayai. Pingili moja ya tegu wa nguruwe inaweza kubeba mayai 50,000 hivi. Hayaonekani kwa macho.

Ng'ombe naye ana tegu wake, Taenia saginata, ambaye mtu humpata kwa kula nyama ya ng'ombe iliyo mbichi au iliyoungua nje huku ndani ikitoa damu. Tegu huyu ni mrefu kuliko wa nguruwe, na pingili zake zinaweza kutambaa zenyewe hadi kwenye nguo za ndani, jambo linalomtia mtu fedheha kubwa kuliko maumivu. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Mayai ya tegu wa ng'ombe hayajengi vifuko katika mwili wa binadamu. Mpenzi wa nyama choma ya ng'ombe isiyoiva anaweza kupata mnyoo wa tumbo, atibiwe, yaishe. Mayai ya tegu wa nguruwe hayaishii hapo.

Mayai, kachumbari na ubongo

Katika mpango wa maumbile, mayai ya tegu huyu hupaswa kuliwa na nguruwe. Nguruwe hula kinyesi cha binadamu kilichoachwa kichakani au kwenye choo kisicho na mlango, mayai huanguliwa ndani ya utumbo wake, viluwiluwi hutoboa ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kusambaa hadi kwenye misuli. Huko hujenga vile vifuko ambavyo mtu atakuja kuvila.

Binadamu akimeza mayai hayo, mwili wake hutendewa vilevile kama wa nguruwe. Viluwiluwi husafiri kwa damu na kujenga vifuko kwenye misuli, chini ya ngozi, ndani ya jicho na kwenye ubongo. Vifuko vya chini ya ngozi huonekana kama vinundu vigumu visivyouma. Vya kwenye ubongo vinaweza kukaa kimya kwa miezi au miaka. Mara nyingi shida huanza pale kifuko kinapoanza kufa, mwili unapokitambua na kukishambulia, na sehemu hiyo ya ubongo kuvimba. Hapo ndipo mtu mzima ambaye hajawahi kuugua kifafa huanguka kwa mara ya kwanza, akiwa shambani, kwenye bodaboda au karibu na jiko. Wengine hupata maumivu makali ya kichwa yasiyoisha, kuona vibaya, kuchanganyikiwa, au maji kujaa kwenye ubongo, na wapo wanaofariki.

Kwa hiyo kuna njia mbili tofauti ambazo mara nyingi huchanganywa. Kula nyama isiyoiva humpa mtu mnyoo wa tumboni. Kumeza mayai humpa vifuko mwilini. Nyama yenyewe, hata ikiwa mbichi na imejaa vifuko, haipeleki kifuko moja kwa moja kwenye ubongo wa aliyeila. Ubongo hufikiwa na mayai, na mayai hayo yanatoka sehemu moja tu: kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kusema kweli, jina la mnyoo wa nguruwe linamwonea nguruwe. Yeye ni mbebaji wa kati tu. Tegu aliyekomaa huishi kwenye utumbo wa binadamu, na binadamu ndiye anayesambaza mayai.

Mwenye tegu hujihatarisha yeye mwenyewe kwanza. Akitoka chooni bila kunawa mikono na kula, anaweza kumeza mayai yake. Kisha huwahatarisha wanaokula alichoandaa. Hapa ndipo kachumbari inapoingia. Katika kibanda cha nyama, nyama inaweza kukaangwa hadi ikauke, hakuna kifuko kinachosalia na mnyoo wa tumboni akawa amezuiwa kabisa. Lakini nyanya, vitunguu na dhania vilivyokatwa kando havipiti kwenye moto. Ikiwa mkataji ana tegu na hakunawa kwa sabuni, au mboga zilimwagiliwa maji yenye kinyesi na hazikuoshwa vizuri, mayai yanafika mezani juu ya sahani ya nyama iliyoiva. Hali ni hiyohiyo kwa matunda yaliyomenywa, kabeji mbichi na maji ya kunywa yasiyochemshwa.

Ndiyo sababu Mwislamu, Mwadventista wa Sabato au mtu mwingine yeyote asiyekula nguruwe hayuko nje ya hatari hii. Kisa kinachotajwa sana na madaktari kilitokea mjini New York nchini Marekani. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha habari za wagonjwa wanne wa jumuiya ya Wayahudi wanaoshika dini kikamilifu, watu ambao nguruwe haingii nyumbani mwao, waliopatikana na vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Uchunguzi uliwaelekea wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi ambako tegu huyu ni wa kawaida, na mmoja wa waliopimwa alikuwa na tegu hai tumboni. Hakuwa na dalili ya ugonjwa.

Nguruwe wanaozurura

Wafugaji wengi wadogo wa magharibi mwa Kenya huwafunga nguruwe kwa kamba msimu wa mazao ili wasiharibu mashamba ya watu, kisha huwaachilia baada ya mavuno wajitafutie. Lishe ni ghali, na nguruwe anayezurura anaonekana kama nguruwe asiye na gharama.

Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwavalisha nguruwe 10 wa eneo hili vifaa vya GPS ili kujua wanakokwenda. Katika saa 12, nguruwe alitembea wastani wa zaidi ya kilomita 4, na karibu nusu ya muda wake alikuwa nje ya boma la mwenyewe. Kwa hiyo familia inaweza kuwa na choo safi chenye mlango na nguruwe wake bado akala kinyesi kwenye kichaka cha boma la tatu. Mkazi anayejenga choo peke yake katika kijiji ambacho wengine hawana amejikinga kwa sehemu tu.

Wanunuzi wa nguruwe wana njia yao ya kupima. Mnyama huangushwa, mdomo hufunguliwa kwa kipande cha mti, ulimi huvutwa nje na kupapaswa upande wa chini. Vikisikika vinundu, mnunuzi hukataa au hushusha bei. Njia hii ni ya haraka na haina gharama, na nguruwe mwenye vinundu ulimini kwa kweli ameambukizwa. Ila inakosa wengi. Katika utafiti wa Homa Bay uliochapishwa mwaka 2012, upapasaji wa ulimi uligundua nguruwe karibu 6 kati ya kila 100, ilhali kipimo cha damu kwa nguruwe haohao kilionyesha dalili za maambukizi kwa karibu theluthi moja. Huko Teso, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipata vinundu kwenye ndimi za nguruwe 6 hadi 7 kati ya kila 100. Ulimi usio na vinundu haumpi mtu kibali cha kula nyama nusu mbichi.

Swali gumu zaidi ni nguruwe aliyekataliwa hupelekwa wapi. Mfugaji aliyetegemea pesa hizo kulipa karo hatamfukia shimoni kwa hiari. Kishawishi ni kumchinja nyuma ya nyumba jioni, kuuza nyama kwa bei ya chini kwa majirani na kula iliyobaki. Hapo nyama iliyo hatari kuliko zote inakuwa ndiyo rahisi kuliko zote, nayo hufika kwenye sufuria za watu ambao hawana uwezo wa kuchagua. Mfugaji aliye katika hali hiyo afike kwanza kwa afisa wa mifugo wa wadi. Ipo dawa ya nguruwe iitwayo oksfendazoli ambayo, ikitolewa kwa kipimo sahihi, huua vifuko vilivyo kwenye nyama. Mnyama husubiri muda ambao daktari wa mifugo ataueleza kabla ya kuchinjwa. Ivamektini, ambayo wafugaji wengi huinunua kwa ajili ya viroboto, upele na minyoo mingine, haiui vifuko hivi. Ipo pia chanjo ya nguruwe dhidi ya tegu, ambayo hufanya kazi vizuri zaidi ikienda pamoja na dawa hiyo.

Banda linabaki kuwa kinga ya uhakika kuliko sindano. Halihitaji kuwa la matofali. Linahitaji ukuta au uzio usiopitika, sakafu inayosafishika, maji, na lishe inayoletwa humo mwaka mzima, hata baada ya mavuno. Nguruwe asiyefikia kinyesi cha binadamu hapati tegu.

Muhuri kwenye nyama

Kulingana na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vichinjio vya kaunti, udhibiti wa magonjwa ya mifugo, huduma za madaktari wa mifugo na huduma za afya mashinani ni majukumu ya serikali ya kaunti. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, inataka mnyama anayeuzwa kwa umma achinjwe mahali palipoidhinishwa na nyama ikaguliwe kabla ya kutoka. Mkaguzi hukata na kuchunguza misuli ya taya, ulimi, moyo na bega, sehemu ambazo vifuko hupenda kukaa. Nyama iliyojaa vifuko huharibiwa. Iliyopita hugongwa muhuri.

Mteja ana haki ya kuuona muhuri huo, na mwenye bucha halali hakasiriki akiulizwa. Bucha ambayo nyama yake kila siku huwa imekwisha kukatwakatwa kabla ya wateja kufika, muhuri hauonekani na mwenyewe hasemi ilichinjiwa wapi, ni ya kutiliwa shaka na kuripotiwa kwa afisa wa afya ya umma. Hata hivyo ukaguzi hauoni kila kitu. Mnyama mwenye vifuko vichache anaweza kupita kwa sababu mkaguzi hawezi kukata kila msuli bila kuharibu nyama ya watu. Baada ya muhuri, moto bado una kazi yake.

Joto la nyuzi 63 katikati ya kipande, kisha nyama kuachwa itulie dakika 3 kabla ya kukatwa, linatosha kuua vifuko kwenye nyama ya vipande. Nyama ya kusaga inahitaji nyuzi 71. Kwa kuwa vipimajoto vya nyama havimo katika jikoni nyingi, kanuni ya nyumbani ni kukata vipande vidogo, kupika hadi ndani pasibaki rangi ya waridi, na maji yanayotoka yawe meupe bila damu. Kuchemsha kwanza kisha kukaanga ni njia salama sana. Hatari kubwa iko kwenye choma: mbavu au paja zima juu ya makaa makali huungua nje upesi, mteja ana njaa, na karibu na mfupa nyama bado ni nyekundu. Mteja kama huyo ana haki ya kuirudisha kwenye moto.

Moshi, chumvi, kukausha juani na ndimu si vya kutegemewa kuua vifuko. Kugandisha kunafaa ikiwa baridi inafika nyuzi 10 chini ya sifuri na nyama kukaa humo siku 10 mfululizo, jambo ambalo friji ya kawaida ya dukani, yenye umeme unaokatika na mlango unaofunguliwa kila dakika, haliwezi kuhakikisha. Na mpishi anayeonja nyama mbichi iliyotiwa viungo ili ajue kama chumvi imetosha, kama wafanyavyo baadhi ya watengenezaji wa soseji, aache.

Mikono, maji na choo

Sabuni haiui mayai ya tegu. Huyaondoa mikononi, na hilo linatosha. Kunawa kuwe baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto na kabla ya kushika chakula, huku kucha zikiwa fupi na kusuguliwa. Mboga za kuliwa mbichi zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, jani moja moja. Maji ya kunywa ya mtoni, ya kisima kilicho wazi au ya ziwani yachemshwe, kwa sababu mayai haya ni magumu na kipimo cha kawaida cha dawa ya klorini hakitegemewi kuyaua.

Choo cha shimo kinatosha kabisa ikiwa kina mlango unaofungwa, ukuta ambao nguruwe hawezi kuupenya, na ikiwa kila mtu anakitumia, watoto wakiwemo. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupwe chooni. Kinyesi kibichi cha binadamu kisitumiwe kama mbolea ya mboga.

Wamiliki wa hoteli, vibanda vya chakula na bucha wanakumbushwa kwamba cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, kinachohitajika kila baada ya miezi 6, si karatasi ya kumwonyesha askari. Kipimo cha choo kinachofanywa kabla ya cheti hicho ni mojawapo ya nafasi chache za kumgundua mtu mwenye tegu asiyejihisi mgonjwa. Kununua cheti bila kupimwa ni kuipoteza nafasi hiyo, na watakaolipia ni wateja.

Matibabu, na tahadhari moja muhimu

Anayeona vipande bapa vyeupe kwenye kinyesi aende zahanati au kituo cha afya, na ikiwezekana achukue kipande kimoja katika chombo safi kinachofungwa vizuri. Kipimo kimoja cha choo kinaweza kukosa mayai, kwa hiyo mhudumu akiomba sampuli zaidi ya siku moja, ana sababu. Tegu wa tumboni hutibika kwa urahisi. Niklosamidi au prazikwanteli hutolewa kwa dozi moja. Albendazoli hutumika kwa siku 3 mfululizo. Dozi moja ya dawa ya minyoo ambayo watoto hupewa shuleni imelenga minyoo mingine na haitoshi kumaliza tegu. Mtu mmoja akipatikana naye, watu wa nyumba yake nao wapimwe.

Tahadhari ni hii. Prazikwanteli na albendazoli hufika hadi kwenye ubongo. Mtu aliye na vifuko huko bila kujua akimeza dawa hizi, vifuko vinaweza kufa kwa pamoja, ubongo ukavimba na degedege zikaanza. Kwa sababu hiyo, yeyote aliyewahi kuanguka kifafa, mwenye maumivu makali ya kichwa ya muda mrefu au vinundu chini ya ngozi, asijinunulie dawa za tegu kwenye duka la dawa. Amweleze mhudumu kwanza. Wakazi wa Bunyala na maeneo mengine ya kando ya Ziwa Victoria, ambako prazikwanteli hugawiwa dhidi ya kichocho, nao wamwambie anayegawa dawa kama wamewahi kuanguka.

Vifuko vya kwenye ubongo hutambuliwa kwa picha za CT au MRI katika hospitali kubwa, kwa rufaa. Matibabu hutegemea vifuko ni vingapi, viko wapi na kama viko hai. Mgonjwa mwingine hupewa dawa ya kuua vifuko pamoja na ya kupunguza uvimbe akiwa chini ya uangalizi wa daktari, mwingine hupewa za kuzuia degedege pekee, na wachache hufanyiwa upasuaji.

Wengi wanaougua hawajafika huko, kwa sababu mtu mzima akianguka, wazo la kwanza katika familia nyingi ni kurogwa au laana. Miaka hupita kwa waganga huku mgonjwa akipata majeraha ya moto, akiachishwa shule au ndoa ikivunjika. Ipo pia imani kwamba povu la mdomoni la anayeanguka huambukiza, ndiyo maana watu humkimbia akaungua jikoni au kuzama kwenye maji ya kina kifupi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, kwa povu wala kwa kumgusa mgonjwa. Anayeanguka aondolewe karibu na moto, maji na barabara, alazwe ubavu, nguo za shingoni zilegezwe, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, na asiachwe peke yake hadi azinduke. Degedege ikizidi dakika 5, au zikifuatana bila fahamu kurudi, akimbizwe hospitalini.

Mtu mzima aliyeanza kuanguka ukubwani anastahili kupimwa, na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chake anaweza kumwelekeza kituo kilicho karibu. Akianza dawa za kuzuia degedege, azinywe kila siku kama alivyoelekezwa, hata asipoanguka kwa miezi kadhaa, na arudi kituoni kabla hazijamwishia. Kuziacha ghafla kunaweza kurudisha degedege kwa nguvu kuliko za mwanzo.